Jumamosi Ijayo, Tutapita Palipopita Treni

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Bristol, wiki moja kabla ya safari ya pamoja ya baiskeli kwenda Bath.

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wote, asalaam aleykum na habari za jioni. Watoto naona mmeshika viti vya mbele. Kaeni hapo hapo, maana mengi nitakayosema yanawahusu ninyi.

Nimeombwa niseme juu ya safari ya Jumamosi ijayo, tutakapotoka hapa kwa baiskeli hadi Bath. Tangu tangazo litoke nimeulizwa maswali mawili, karibu kila siku. La kwanza, mtu ambaye hajakanyaga pedali tangu utotoni ataweza? La pili, kuna usalama gani kwa mama mwenye mtoto, na magari ya huku yanavyokwenda? Majibu ya yote mawili yamo katika historia ya njia yenyewe, kwa hiyo nivumilieni nianzie huko.

Njia tutakayopita ilikuwa reli. Zamani kati ya Bristol na Bath kulikuwa na reli mbili, kwa sababu makampuni ya reli ya karne ya 19 yalishindana na kila moja lilitaka kufika kila mahali. Moja ni ile aliyoisanifu Isambard Kingdom Brunel, iliyofunguliwa mwaka 1840, na ndiyo mnayosafiria hadi leo mkipanda treni Temple Meads. Ya pili, na ndiyo njia yetu ya Jumamosi, ni ya kampuni ya Midland, iliyotoka Mangotsfield kuingia Bath mwaka 1869. Kipande chake cha upande wa huku Bristol ni kikongwe zaidi: mwaka 1835 tayari kulikuwa na reli ya kuleta makaa ya mawe kutoka machimbo ya Coalpit Heath, na mabehewa yake yalivutwa na farasi. Handaki la Staple Hill, lenye mita 471, ni la enzi hizo.

Sasa sikilizeni neno moja la kifundi, maana ndilo jibu la swali la kwanza. Gurudumu la chuma likiwa juu ya reli ya chuma halibonyei, wala halishiki sana. Kwa kuwa halibonyei, treni huvuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo, na kwa kuwa halishiki sana, treni hushindwa na mlima. Mteremko ambao gari dogo halisikii kitu, treni ya mizigo inauhangaikia. Basi mafundi wa zamani walipokuta kilima walikikata, wakikuta bonde walilijaza udongo wakapandisha tuta, na wakikuta jabali lisilokatika walichimba handaki. Kazi hiyo ilifanywa kwa sururu, koleo na baruti, na watu walikufa ndani yake. Matokeo ni kwamba kutoka hapa hadi Bath hakuna mlima hata mmoja wa kukutoa pumzi. Tutapanda polepole kilomita za mwanzo hadi Staple Hill, kwa mwinuko ambao macho hayauoni ila mapaja yanaujua. Baada ya hapo njia inashuka taratibu kuelekea bonde la mto Avon, kisha inakuwa tambarare. Kwa hiyo wewe uliyeacha baiskeli utotoni, utaweza. Njia ilisawazishwa kwa ajili ya mashine isiyoweza kupanda, na sisi tunarithi usawa huo bure.

Jibu la swali la pili ni fupi. Ni kilomita 21 za lami, upana wa mita 3 hivi, na gari haliruhusiwi humo. Barabara kubwa tutazipita kwa juu au kwa chini, kwenye madaraja yale yale ya treni. Pako mahali pachache pa kuvuka, na hapo tutasimama wote tuvuke pamoja.

Lakini njia hii haikubaki kwa bahati, na hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Mwaka 1963 Dk. Richard Beeching, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya reli ya Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa vituo zaidi ya 2,000 nchi nzima. Magari yalikuwa yameongezeka na reli ilikuwa inakula hasara. Miji yenye reli mbili ilionekana ina moja ya ziada. Machi 1966 abiria wa mwisho walishuka katika stesheni ya Green Park kule Bath. Mizigo ya makaa ya kiwanda cha gesi iliendelea miaka michache, nayo ikakoma mwaka 1971. Kisha reli zikang'olewa, mataruma yakaondolewa, na tuta likaachiwa miiba.

Reli iliyong'olewa hufa mara ya pili, na kifo hicho cha pili ndicho kibaya. Wanakuja wanunuzi. Huyu anataka kiwanja cha nyumba, yule anataka gereji, halmashauri inaona daraja la zamani linagharimu kulitunza inalibomoa. Kila mmoja anachukua kipande chake na kila mmoja ana sababu ya maana. Baada ya miaka kumi ule mstari ulionyooka kutoka mji hadi mji umekuwa vipande, na hakuna fedha duniani itakayouunganisha tena, kwa sababu sasa kuna watu wanalala juu yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya reli zilizofungwa nchini humu.

Sisi tuliotoka pwani tunalijua jambo hili hata kama hatukuwahi kulitamka. Wazee wa Unguja waliomo humu walisimuliwa na wazazi wao juu ya treni ya Bububu. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya kama kilomita 11 kutoka Mjini hadi Bububu, ikipita karibu kabisa na milango ya nyumba. Barabara ilipotengenezwa na magari yakaja, reli ikapoteza abiria, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ilikwisha. Leo ukienda Bububu unakwenda na daladala, na sijui mzazi atakayemruhusu mtoto wa miaka minane apande baiskeli kwenye barabara ile asubuhi. Na ndugu zetu wa Kusini wanaijua reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza. Mradi ulianguka, reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Silaumu mtu. Nchi ilikuwa changa na ina njaa ya mambo mengine. Nasema tu kwamba tuta la reli ni mali, hata baada ya treni, na huonekana kuwa mali pale tu mtu anapoamua kulitumia.

Hapa Bristol walikuwapo walioamua. Mwaka 1977 lilianzishwa kundi la wapanda baiskeli lililojiita Cyclebag, likiongozwa na mhandisi John Grimshaw. Hawakuwa na fedha. Walikuwa na hasira ya kuona mji unajengwa kwa ajili ya magari peke yake, na walikuwa na macho ya kuona kwamba lile tuta lililoota miiba ni barabara iliyokwisha kujengwa, inayosubiri kufagiliwa. Mwaka 1979 watu wa kujitolea walishika makoleo wakatengeneza kipande cha kwanza, kutoka Bath hadi Bitton. Hawakungoja mpango mkubwa wa kilomita zote upitishwe ofisini. Walitengeneza kipande kimoja, watu wakaanza kupita, na wale waliopita ndio waliodai kipande kilichofuata. Kazi ikafika hapa mjini mwaka 1986. Kundi lile dogo ndilo lililokuja kuwa Sustrans, shirika lililosimamia mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima, na njia yetu ya Jumamosi imo katika mtandao huo kama namba 4.

Mnaweza kudhani baada ya hapo mambo yalitulia. Hayakutulia. Mwaka 2008 ulitoka mpango wa kuchukua sehemu ya njia hii, upande huu wa Bristol, iwe barabara ya mabasi ya kasi. Basi ni jambo jema. Wengi wetu tunaishi kwa basi. Lakini basi lingeweza kupewa nafasi kwenye barabara iliyojaa magari ya mtu mmoja mmoja. Kulipeleka kwenye mahali pekee ambapo mtoto anakwenda shule bila kuogopa gari lilikuwa kosa, na wakazi waliliona. Maelfu walitia saini, watu wakaandamana, wakaenda mikutanoni na watoto wao, na mpango ukawekwa kando. Watu walikuwa wengi kiasi kile kwa sababu walikuwa wanaipita kila siku. Ingekuwa njia nzuri isiyo na watu, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Kwa sababu hiyo napenda tuende wengi. Wengi wetu tunaishi Easton, njia inapita nyuma ya nyumba zetu, na bado wapo waliokaa hapa miaka na hawajawahi kuikanyaga. Wanadhani ni ya wale wenye nguo za kubana na baiskeli za bei ya gari. Si yao peke yao. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini, mwanafunzi, mzee mwenye fimbo, mwenye kiti cha magurudumu. Ni yetu kwa haki ile ile.

Sasa safari yenyewe.

Tutaanzia mwanzo wa njia, St Philips. Muda mfupi tutapita Easton, na upande wa Greenbank mtaliona jengo kubwa la matofali lililokuwa kiwanda cha chokoleti hadi mwaka 2006. Wapo waliopita humu enzi hizo wanaokumbuka harufu. Baada ya Fishponds tutaingia handaki la Staple Hill. Limewekewa taa, lakini mtu akitoka juani macho hukataa kwa sekunde chache, kwa hiyo miwani ya jua ivuliwe kabla, na mwendo upunguzwe. Watoto wataruhusiwa kupiga kelele wasikie mwangwi, mara moja tu, kama hakuna mtu wa miguu karibu. Humo ni baridi hata mwezi wa Agosti.

Mbele kidogo ni Mangotsfield, na hapo nataka tushuke. Stesheni imebaki magofu: kuta na majukwaa ambayo abiria walisimama kungoja. Hapo ndipo reli ya Bath ilipoachana na ile ya Gloucester. Palikuwa pahali pa watu wengi, mizigo, filimbi na moshi. Nawaomba wazazi muwaeleze watoto hapo, kila mmoja kwa namna yake, jinsi stesheni zilivyokuwa kwetu, Tabora, Voi au Morogoro, treni ya usiku ikiingia. Watoto hawa hawajawahi kununuliwa ndizi dirishani kwa behewa.

Kutoka hapo tunapita Warmley, halafu Oldland Common, na hapo mtashtuka kwa furaha: reli inarudi. Kuanzia miaka ya 1970 kundi jingine la watu wa kujitolea liliwania kurudisha treni ya mvuke, na leo Avon Valley Railway ina kama kilomita 5 za reli kando kwa kando na njia ya baiskeli. Bahati ikiwapo, tutasindikizwa na garimoshi la kweli, linatoa mvuke, dereva anapunga mkono. Napenda sana kwamba makundi hayo mawili, la baiskeli na la treni, yalitaka tuta moja, na wakagawana upana wake badala ya kugombana hadi wote wakose.

Bitton ndipo tutakapokula. Kuna stesheni iliyotunzwa vizuri, kuna mkahawa, vyoo, na majani ya kukaa. Sisi tutakuja na vyetu: chapati, sambusa, mayai ya kuchemsha, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Bi Mkubwa pale nyuma ameshaahidi vitumbua, na ahadi hiyo nimeisikia kwa masikio yangu. Wenye kusali adhuhuri watapata muda wa kutosha; mkeka utakuwapo kwenye baiskeli ya mizigo. Baada ya Bitton ni sehemu nzuri kuliko zote. Njia inauvuka mto Avon zaidi ya mara moja kwa madaraja ya treni, kuna malisho na ng'ombe, vilima vya Kelston kushoto, Saltford kulia. Hapo sitaki haraka yoyote.

Nisisitize hili la haraka. Kundi linakwenda kwa mwendo wa mtu wa polepole zaidi, na huyo ndiye atakayetangulia. Nimeona safari nyingi za kundi zikiharibika kwa sababu vijana wenye miguu wanatangulia, wanangoja njia panda, na yule mzee au mama anapowafikia akiwa hoi, wao wameshapumzika na wanaondoka. Mtu huyo hapumziki hata mara moja siku nzima, na safari inayofuata haji. Vijana, nguvu zenu tunazihitaji nyuma. Watu wa mwisho katika msafara ndio watakaobeba pampu, tyubu za akiba, spana na kisanduku cha huduma ya kwanza, na hakuna mtu atakayebaki nyuma yao. Pancha ikitokea, wote tunasimama.

Tukae upande wa kushoto. Watu wawili sambamba ni sawa pakiwa wazi. Akitokea mtu, mmoja anarudi nyuma. Kengele ipigwe mapema na kwa upole. Mwenda kwa miguu ana haki kuliko sisi, mbwa hana akili ya barabara, na mtoto anaweza kugeuka wakati wowote. Aliye mbele akisema "mtu" au "shimo", maneno yapokezwe hadi nyuma. Na tukisimama, tutoke njiani kabisa, tusijae katikati tukipiga picha wakati watu wanakwenda kazini.

Mama zangu na dada zangu mlioniuliza juu ya mavazi: baibui au dera halizuii. Tafuteni baiskeli yenye fremu ya chini na kava la cheni, pindo lifungwe juu kidogo upande wa cheni. Mtandio ubanwe vizuri chini ya helmeti. Mwenye kuhitaji, tutamfanyia majaribio kwenye uwanja wa shule Alhamisi jioni, wanawake peke yao.

Tutakapofika Bath tutaiona Green Park, ile stesheni ya mwisho ya treni zilizopita njia yetu. Paa lake la chuma na kioo lingali limesimama, na chini yake sasa kuna soko.

Wale wenye nguvu zilizobaki wataniomba tuendelee hadi mahandaki mawili yaliyo kusini mwa Bath. Nakubali, lakini kwa kundi dogo. Ni reli nyingine iliyofungwa mwaka ule ule wa 1966, ile ya Somerset na Dorset, na njia yake ya baiskeli ilifunguliwa Aprili 2013 baada ya miaka ya juhudi za wakazi. Handaki la Combe Down lina mita 1,672, refu kuliko yote ya waenda kwa miguu na baiskeli Uingereza. Ndani kuna taa na muziki unaosikika ukipita.

Lakini wanaokwenda wajue wanapita wapi. Handaki hilo lilikuwa jembamba, la njia moja, halina matundu ya kutolea moshi. Tarehe 20 Novemba 1929 treni ya mizigo ilikuwa inapanda humo polepole kuelekea Bath. Moshi uliwajaa dereva na mtia makaa hadi wakazimia. Treni ikaendelea yenyewe, ikafika mwisho wa mwinuko, ikaanza kushuka ule mteremko mkali wa kuingilia mjini bila mtu wa kushika breki, ikaanguka kwenye yadi ya mizigo. Dereva, Henry Jennings, alikufa, pamoja na wafanyakazi wawili wa reli waliokuwa pale yadini. Mtia makaa alinusurika. Walikuwa watu wa kazi kama sisi. Mkisikia muziki mle ndani, furahini, na mumkumbuke Jennings na wenzake kwa kuwaombea.

Kurudi, kila mtu achague. Wenye nguvu watarudi kwa njia ile ile. Wengine watapanda treni kutoka Bath Spa hadi Temple Meads, mwendo wa robo saa hivi, ila treni ina nafasi chache za baiskeli na hatuwezi kuingia kundi zima kwa mara moja. Tutagawana wanne wanne, wazee na wenye watoto wadogo wakitangulia. Pia gari moja la kubebea baiskeli litakuwa Bath kuanzia saa tisa alasiri.

Kila mmoja aje amekagua breki zote mbili, hewa ya matairi, na cheni imetiwa mafuta. Asiyejua kukagua, fundi wetu atakuwa hapa ukumbini Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni, hatozi kitu ila vipuri. Leteni maji, koti la mvua hata kama anga ni jeupe, na helmeti kwa kila mtoto bila kubishana. Tunaondoka St Philips saa tatu kamili asubuhi. Karatasi ya majina ipo mezani pale mlangoni. Asiye na baiskeli aandike na urefu wake, tunazo za kuazima, na mbili zina kiti cha mtoto.

Haya, nani ana swali?